Uzi: Umepiga 115 saa nane usiku, sasa gari litakufikiaje huku milimani?

#1 Jiwe Juu ya Jiwe

Wadau wa jiji la mawe, Mwanza yetu, salaam.

Alhamisi iliyopita, saa nane usiku, jirani yangu alinigongea dirisha. Mke wake ana mimba ya miezi minane na alikuwa ameanza kutokwa damu. Mimi nakaa Mabatini, ule upande wa mlimani ambako nyumba zimening'inia kwenye miamba kama mbuzi. Wenyeji mnapajua: gari linaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi za mawe na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja anarudi nyuma.

Jamaa alikuwa ameshapiga 115, ile namba ya bure ya kuita gari. Simu ilipokelewa upesi, na salio hakuwa nalo. Dada wa upande wa pili akauliza mimba ni ya miezi mingapi, damu imeanza saa ngapi, mgonjwa anaongea au haongei. Kisha akauliza, mko wapi? Jamaa akajibu, "Mabatini, huku juu." Huku juu wapi? "Huku juu kwa mzee wa mashine." Mzee wa mashine tunamjua sisi wa nyumba kumi, na mashine yenyewe ilishauzwa miaka mingi.

Mwishowe wakaelewana kwenye kanisa. Sasa kule chini makanisa ni mawili. Gari likaenda la barabarani, sisi tukamshusha mgonjwa kwenye blanketi, watu wanne, tochi mdomoni, mpaka kwenye lile la nyuma. Na simu ya jamaa ikazima chaji hapohapo. Dereva kule kawasha taa anatusubiri, sisi huku tumemkunja mama wa watu kwenye blanketi tunamsubiri yeye. Karibu nusu saa. Aliyekuja kutuunganisha ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita zake kwenda kulala.

Mama yuko hai, mtoto yuko hai, wote wanaendelea vizuri. Ila mimi tangu siku hiyo usingizi umekataa. Wa kumlaumu simwoni zaidi ya sisi wenyewe: namba tulikuwa nayo, gari lilikuja, tukashindwa mita mia tatu za mwisho.

Shemeji yangu yuko kwangu na tarehe yake ni mwezi ujao. Naomba mnaojua mniambie: nani anaruhusiwa kupiga? Gari ni la kila ugonjwa au wajawazito tu? Na sisi wa milimani tunajipangaje?

#2 Mwana wa Bugarika

Poleni mkuu. Huu uzi nimeusoma nimesimama. Kwangu gari halifiki hata mchana.

#3 Sumu ya Panya

Hizo gari za wagonjwa kazi yake tunaijua, kubeba mbao na kupeleka watu misibani. Piga bodaboda yako ufike, achana na namba za kwenye mabango.

#4 Nesi Mstaafu

Mleta uzi, pole, na hongereni kwa kumfikisha. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi kanda hii, acha nijibu kwa ninavyojua.

115 unayoisema ni ya mfumo wa m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Rais Samia aliuzindua kitaifa Dodoma Aprili 2022, ila sisi wa huku tulishauzoea mapema, maana Sengerema na Shinyanga ndiko ulikofanyiwa majaribio kwa miaka kadhaa kabla. Unawahusu watu wa aina tatu: mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua mpaka siku 42, na mtoto mchanga mpaka siku 28. Usafiri ni bure. Anayepiga ni yeyote: mume, jirani, bibi, mhudumu wa afya wa kijijini, nesi wa zahanati anayetaka kumpeleka mgonjwa mbele. Usisubiri mume arudi kutoka ziwani ndipo upige. Hilo nimeliona sana kwenye jamii za wavuvi, watu wanasubiri mwenye nyumba huku mama anaisha.

Ukipiga, anayepokea anafuata utaratibu wa maswali. Watu wanamwona anawachelewesha, wanaanza kumfokea. Hayo maswali ndiyo yanayomwambia kama ni dharura, mgonjwa apelekwe kituo gani, na kituo hicho kiambiwe kimwandalie nini. Kama gari la wagonjwa liko karibu linatumwa. Kama halipo au liko mbali, anapigiwa dereva wa jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa na kufundishwa kwa kazi hiyo, na analipwa na mfumo, halipwi na wewe. Kwa hiyo likija gari dogo lisilo na king'ora msilikatae. Nimewahi kuona familia inabishana na dereva mlangoni kwamba "hii siyo ambulansi".

Dalili ambazo hazingoji kupambazuke: damu yoyote ukeni kabla ya uchungu, damu nyingi baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, chupa kupasuka kabla ya siku, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa kichanga: kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili wa baridi au wa moto sana, degedege, manjano.

Wakati mnasubiri, mjamzito alale ubavu wa kushoto. Akiwa na degedege msimtie kijiko wala kidole mdomoni, mgeuzeni ubavu tu na ondoeni vitu vya kumuumiza. Msimpe chakula wala chai ya moto "apate nguvu", huenda akaingia chumba cha upasuaji. Asitiwe vitambaa ukeni kuzuia damu. Mtoto njiti au mwenye baridi awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wafunikwe wote wawili. Kadi ya kliniki iwe ya kwanza kwenye mkoba, kabla ya kanga na beseni.

#5 Sumu ya Panya

Nesi nakuheshimu, ila mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi, hospitali moja tukaambiwa gari lipo mafuta hakuna. Tukachanga tukaweka mafuta. Halafu dereva akatafutwa saa nzima. Hiyo bure yenu iko wapi?

#6 Nesi Mstaafu

Pole kwa mama, mwanangu. Hilo halikupaswa kutokea. Ila kiharusi hakimo kwenye hayo makundi matatu, na hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Kwa magonjwa mengine bado hatujafika mahali pa kupiga namba moja nchi nzima gari likaja mlangoni. Unapiga kituo chako cha afya au hospitali unayotibiwa, kwa hiyo uwe na namba ya simu ya kituo tangu siku ya kliniki, usiitafute usiku. Na 199 ni ya kituo cha simu cha Wizara ya Afya, ni bure, unauliza na kuelekezwa. Lakini kiharusi cha mzazi wako ukipata gari lolote la jirani lenye kiti kinacholala, ondoka nalo, usisubiri king'ora. Angalia tu saa dalili zilipoanza na uwaambie madaktari, ni jambo la kwanza watakalokuuliza.

#7 Kijana wa Igogo

Swali la kizushi. Mimi nikitoka mlangoni Bugando naiona kwa macho. Kwanini mgonjwa wangu anapelekwa kituo cha afya wakati hospitali ya kanda ile pale juu inawaka taa?

#8 Nesi Mstaafu

Hahaa, kila mtu Mwanza anaiona Bugando, ndiyo shida ya kujenga hospitali juu ya kilima. Ile ni ya rufaa ya kanda nzima, inapokea mpaka wa kutoka Kagera na Mara. Mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua anaweza kuupata hospitali ya wilaya, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na damu, na akaupata mapema kuliko kupanga foleni na waliotoka Biharamulo. Kikishindikana ndipo anapandishwa, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando kulingana na hali. Anayepokea simu anajua usiku ule chumba gani cha upasuaji kinafanya kazi, wewe unajua taa tu.

#9 Probox ya Sengerema

Mwangaluka. Mimi ni dereva wa jamii, na nimefurahi nesi amesema hilo la king'ora, maana nimeshakataliwa mlangoni mara mbili. Mara moja bibi alinifukuza na mwiko, alidhani nimekuja kumwiba mkwe wake.

Niwaambie inavyokuwa upande wetu. Simu inalia, naambiwa kijiji, jina la mwenye simu, hali ya mgonjwa na pa kumpeleka. Nikikubali naondoka, siyo naenda kunawa uso kwanza. Tanki langu haliruhusiwi kushuka nusu, ni sheria niliyojiwekea mwenyewe baada ya kuaibika. Nikimfikisha na kituo kikathibitisha amepokelewa, malipo yanaingia kwenye simu kulingana na umbali. Kwa hiyo mkinichomekea elfu kumi ya "soda" mnaniharibia. Mkiona dereva anaomba hela kabla ya kuondoka, pigeni 115 hiyohiyo mseme.

Sasa mambo yanayotuua barabarani. La kwanza ni ukoo mzima kutaka kupanda. Kiti cha nyuma mgonjwa amelala, mtu mmoja wa kumshika, basi. Huyo mmoja awe mzima wa kuchangia damu na mwenye akili ya kujibu maswali, siyo yule anayelia kuliko mgonjwa. Wengine mtakuja asubuhi. La pili ni mvua. Huku Buchosa kuna mbuga ya udongo mweusi, ikinyesha hata trekta linaomba msamaha. Mkiona kumenyesha, semeni mapema kwenye simu kwamba njia ya kawaida haipitiki, tuzungukie wapi. Nimewahi kwama kilomita mbili kutoka kwa mgonjwa na hakuna aliyenitajia kwamba kalavati limekwenda.

La tatu lilikuwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Vijana wa leo hamtajua. Unatoka Sengerema na mama ana damu, unafika Busisi, feri ndiyo kwanza inaondoka. Unakaa. Unaiangalia inakwenda ng'ambo, inashusha, inapakia, inageuza. Nusu saa, saa, na siku mbaya zaidi ya hapo. Nimewahi kushika tochi mtoto anazaliwa foleni ya Busisi, na wauza samaki wamesimama wamezungushia kanga zao. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3, sasa navuka kabla wimbo mmoja wa redioni haujaisha. Watu wanalisifia kwa ajili ya malori na picha. Mimi kila nikilipita usiku na mgonjwa naangalia pale chini gati lilipokuwa, sisemi kitu.

#10 Mwana wa Bugarika

Probox, hiyo ya kanga za wauza samaki imenigusa. Wabeja sana.

#11 Ukara Hatuna Lami

Mnaongea madaraja. Sisi tuliozungukwa na maji tuseme nini?

Kwetu ukipiga simu, swali la "mko wapi" lina jibu, kisiwa ni kidogo. Swali ni upepo. Jioni ziwa likichafuka hakuna dereva wa kulazimishwa, na sisi hatuna haja ya kukumbushwa: tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilizama hatua chache kutoka gati letu la Bwisya mchana kweupe, watu zaidi ya 220 wakaondoka. Basi usiku mwenye boti akikuambia "subiri litulie", huwezi kumwita mchoyo.

Tulichojifunza ni kuondoka mapema. Mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, au mtoto aliyekaa vibaya, hatusubirii uchungu kisiwani. Wiki tatu kabla anavuka, anakaa kwa ndugu Nansio au Mwanza. Kama hana ndugu, tunamtafutia, na kanisa na msikiti wote wameshatusaidia hapo. Kwa mengine, kituo chetu cha afya Bwisya kiliboreshwa kwa michango ya ule msiba, huwa tunasema marehemu wametujengea.

Na mnaokaa Ukerewe kubwa, msifikirie meli ya Nansio tu, ile ni safari ya kama masaa matatu na ina ratiba yake. Feri ya Rugezi na Kisorya ni fupi, ukishavuka uko barabarani kuelekea Bunda. Jueni vyote viwili vinaondoka saa ngapi.

Kwenye boti mgonjwa avalishwe jaketi la kuokolea na msindikizaji pia. Mnacheka, ila nimeona jaketi limefanywa mto wa mgonjwa.

#12 Fundi Buzuruga

Hapa kwetu shida siyo wajawazito, ni bodaboda kugongwa. Kila wiki. Watu wanazunguka kupiga picha. Nani anapigiwa ajali ikitokea?

#13 Mlinzi wa Zamu

Fundi, ajali ni 112, polisi. Mtu akibanwa ndani ya gari, au moto, au kisima, au mtu kuzama, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Hawa wengi wanadhani ni wa moto tu.

Kuhusu PF3: watu wanaogopa kumwahisha majeruhi wakidhani bila fomu ya polisi hatapokelewa. Dharura inahudumiwa kwanza, fomu inafuata. Mpelekeni, mwingine aende kituoni kuifuata. Na anayetoka damu mkononi au mguuni mkandamizeni na kitambaa safi kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia. Aliyeumia shingo au mgongo msimpakate kwenye bodaboda katikati ya watu wawili kama gunia la mkaa. Afadhali mbao na gari la mizigo.

#14 Sumu ya Panya

Mnapinga bodaboda halafu yeye mwenyewe mleta uzi ameokolewa na bodaboda.

#15 Jiwe Juu ya Jiwe

Kweli ametuokoa, ila hakumpakia mgonjwa. Aliwahi kwa dereva akamleta tulipo. Na hilo limenipa wazo, nitarudi.

#16 Kibao cha Namba

Wakuu, hivi vibao vya anwani za makazi tulivyobandikiwa 2022 kabla ya sensa mnavifanyia nini zaidi ya kutundikia mifuko ya nailoni? Kina jina la barabara au mtaa na namba ya nyumba. Kipigeni picha, iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumba hiyo, na namba iandikwe kwa kalamu nyuma ya mlango. Usiku wa hofu mtu husahau hata jina la mtaa wake.

Lakini mimi ni mkweli, namba peke yake milimani haitoshi. Dereva wa usiku anafuata vitu anavyoviona: kituo cha mafuta, shule, nguzo yenye transfoma, msikiti wenye mnara wa kijani, ule mwamba uliochorwa tangazo la rangi. Chagueni alama MOJA ambayo gari linafika na linaweza kugeuza. Siyo nyumba yenu, alama ya gari. Mgonjwa ndiye anayeletwa kwenye alama. Na msiseme "kanisani", semeni kanisa gani, la rangi gani, liko upande gani ukitokea mjini.

#17 Nesi Mstaafu

Kibao, umemaliza. Niongeze moja tu: namba ya simu ya pili. Ukipiga 115, kabla hujakata, taja namba ya mtu mwingine mwenye chaji. Na yule wa simu ya kwanza asiendelee kuwapigia mashemeji kuwapa taarifa, dereva anakuta inatumika.

#18 Jiwe Juu ya Jiwe

Nimerudi. Jana Jumapili tulikaa watu wa kichochoro chetu, nyumba kumi na moja, tukamalizana hivi.

Alama yetu ni lile duka la vifaa vya ujenzi la chini, lenye geti la bluu. Hapo hata lori linageuza. Nimepima: kutoka mlangoni kwangu ni hatua 340, na 90 kati yake ni ngazi za mawe. Mchana na mtu mzima ni dakika tano. Tukajaribu na mtu amebebwa, tukambeba mdogo wangu, amenenepa kidogo, ikawa dakika kumi na sita na tukamwangusha mara moja. Kwa hiyo tukipiga simu tunaanza kushuka palepale, hatusubiri kuambiwa gari limefika.

Yule kijana wa bodaboda analala nyumba ya tatu kutoka barabarani. Amekubali akipigiwa anakwenda kusimama getini na koti lake la kung'aa, amulike tochi. Hataki hela, amesema tumkumbuke tu kwenye petroli.

Namba ya 115 na ya kituo chetu cha afya tumeziandika kwa rangi kwenye mwamba pale ngazi zinapoanzia. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza kibali cha kuandika kwenye jiwe, alipoelezwa akaomba na namba yake iwekwe chini. Tumeiweka.

Blanketi tumeachana nalo, linabonyea katikati. Mzee wa mashine ametoa mlango wake wa zamani, tutautoboa tundu sita za kamba tuufanye machela.

#19 Fundi Buzuruga

Mlango wa mbao gani?

#20 Jiwe Juu ya Jiwe

Mninga. Mgumu kweli, umekaa miaka thelathini.

#21 Fundi Buzuruga

Mkuu, huo bila mgonjwa tu mtapumzika mara tatu. Njoo kesho Buzuruga na vijana wawili, nina mabomba mepesi na turubai la hema lililobaki. Mlango mrudishie mzee.